Mtihani wa Kiingereza wa kusikiliza, sarufi na ufahamu: nimebakiwa na miezi mitatu, nianzie wapi?

Muulizaji, Wete

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, na nimeomba nafasi ya kuendelea na masomo ya juu nje ya nchi. Taasisi inayotoa nafasi hiyo imetuarifu kwamba waombaji wote watafanyishwa mtihani wa TOEFL ITP, yaani mtihani wa Kiingereza kwa wale ambao si lugha yao ya kwanza, Kiwango cha Kwanza, kabla ya majina kuchujwa. Sehemu tutakazopimwa ni tatu tu, yaani kusikiliza, sarufi na ufahamu wa kusoma, na maswali yote ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne.

Nimekwishafanya karatasi kadhaa za mazoezi. Katika sarufi, ambayo nilidhani ndiyo nguvu yangu kwa sababu nimeisoma na kuifundisha, ninakosa maswali ambayo hata nikiyarudia mara ya pili ninaona jibu langu ni sahihi, mpaka nitazame majibu yaliyochapishwa. Katika kusikiliza hali ni ngumu zaidi: nikiyasoma mazungumzo hayo yakiwa yameandikwa ninayaelewa yote, lakini nikiyasikia yananipita, na swali linalofuata huanza wakati bado ninalifikiria lililotangulia. Katika ufahamu, muda unamalizika nikiwa katika kifungu cha nne.

Wenzangu wamenishauri nihifadhi orodha ya maneno magumu na nifanye karatasi nyingi za mazoezi kadiri nitakavyozipata. Wengine wanasema niombe ruhusa nije Unguja nitafute masomo ya ziada. Ninaomba ushauri wa wale waliofundisha au waliofanya mtihani huu: muda wangu niuweke wapi, na nisome kwa njia gani, nikizingatia kwamba ninafundisha asubuhi na intaneti ninayoitegemea ni ya bando la simu?

Maalim wa Kiingereza, Mjini Unguja

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Kabla ya kuugawa muda wako, tazama kwanza namna alama zinavyohesabiwa, kwa sababu watahiniwa wengi hawalijui jambo hili na huipuuza sehemu ambayo ingewasaidia zaidi. Kusikiliza kuna maswali 50 kwa dakika kama 35, sarufi ina maswali 40 kwa dakika 25, na ufahamu una maswali 50 kwa dakika 55. Idadi ya majibu yako sahihi katika kila sehemu hubadilishwa kuwa alama ya kipimo, kisha alama tatu hizo hujumlishwa, zikazidishwa kwa 10 na kugawanywa kwa 3. Mtu aliyepata 48, 52 na 50 ana jumla ya 150, na matokeo yake ni 500, katika kipimo kinachoanzia 310 hadi 677. Maana yake ni kwamba sarufi, iliyo na maswali machache kuliko sehemu nyengine na muda mfupi kuliko zote, inachukua theluthi nzima ya matokeo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mwalimu hana haja ya kuirudia sarufi.

Sasa nije kwenye yale maswali unayoyakosa huku ukiamini kwamba umepata. Nimesomesha kwa miaka mingi, na nina yakini kwamba sehemu kubwa ya makosa ya aina hiyo kwetu sisi hutokana na Kiswahili chenyewe, ambacho kina mpangilio wake kamili na kinatupeleka katika njia zake bila ya sisi kuhisi. Kitabu cha sarufi kilichoandikwa kwa ajili ya dunia nzima hakiwezi kukuonyesha hilo. Inakupasa ulitafute mwenyewe.

Chukua kiima kinachorudiwa. Katika Kiswahili kitenzi hubeba kiambishi cha kiima hata kama nomino imekwishatajwa: «Karafuu zilizoanikwa juani *zi*nauzwa.» Kwa hiyo sentensi kama «The cloves that are dried in the sun they are sold in sacks» haitugutushi, kwa sababu lile «they» linakaa mahali pa «zi-» yetu, ilhali kwa Kiingereza ni kosa na katika mtihani ndilo jibu. Hali ni hiyo hiyo kwa kitendwa katika kishazi cha urejeshi. Sisi husema «boti tuliyoipanda», tukaiweka ile «-i-» ndani ya kitenzi, na ndiyo maana «the boat which we boarded it» hutupita bila ya kuonekana. Vilevile sisi husema «ingawa mvua ilinyesha, lakini mechi iliendelea» na hakuna anayeshangaa, bali Kiingereza hakikubali «although» na «but» kushirikiana katika kazi moja.

Halafu kuna vijineno «a», «an» na «the», ambavyo sisi hatuna vinavyolingana navyo, na vihusishi «in», «on» na «at», ambavyo kwetu mara nyingi vyote hukusanywa na «-ni» moja: mezani, nyumbani, skulini. Hivi havitengenezwi kwa kanuni peke yake. Vinataka usomaji wa kila siku mpaka jicho lizoee.

Lakini Kiswahili pia kinatupa silaha ambayo wengi hawaitumii, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Hakuna mtoto wa Pemba atakayesema «kiti cha watoto wamevunjika». Kila mmoja anajua kwamba kitenzi kinafuata kiti, hakifuati watoto. Basi ukikutana na «The price of the cloves harvested in the northern villages have risen», jiulize swali lile lile unalojiuliza bila ya kujijua katika Kiswahili: bwana wa sentensi ni nani? Ni «price», na kitenzi chake ni «has».

Katika maswali 15 ya mwanzo, yale ya kujaza pengo, kazi yako ya kwanza iwe kuhesabu viima na vitenzi. Kila kishazi kinataka kiima chake na kitenzi chake, na vishazi viwili vinataka kiunganishi kimoja. Tazama «The dhow ____ in the harbour belongs to my uncle». Anayefikiri kwa Kiswahili hutaka kuweka «is anchored», kwa sababu jahazi *limetia* nanga. Lakini kitenzi kikuu kimekwishatajwa, nacho ni «belongs», kwa hiyo pengo linataka «anchored» peke yake. Katika maswali 25 yanayofuata, ambapo sehemu nne zimepigiwa mstari, hutakiwi kusahihisha kosa bali kulionyesha tu, kwa hiyo usipoteze sekunde kutunga sentensi bora. Una wastani wa sekunde 37 kwa kila swali.

Weka daftari moja. Kila swali la sarufi ulilokosa, liandike sentensi yake nzima, na chini yake uandike kwa Kiswahili sababu iliyokufanya uchague ulivyochagua. Baada ya wiki chache utakuta kwamba makosa yako ni ya aina chache tu zinazojirudia, na hapo ndipo utakapojua usome mlango gani wa kitabu.

Mhitimu, Chake Chake

Assalaam alaykum nyote. Nimefaidika sana na maelezo ya Maalim, nami nitazungumzia kusikiliza peke yake, kwa kuwa ndiko kulikonisumbua mimi na wengi niliosoma nao.

Kaka yangu, hilo unaloeleza, kwamba maandishi unayaelewa na sauti inakupita, linaonyesha kwamba msamiati unao, na kilichopungua ni mazoea ya sikio. Kiswahili hutamka kila silabi kwa ukamilifu, na mkazo huanguka karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hufanya kinyume: silabi yenye mkazo hutamkwa kwa nguvu na zilizobaki humezwa. Katika «She could have told him», neno «have» hubakia pumzi tu na «him» hupoteza herufi yake ya mwanzo, na wewe unayesubiri maneno matano unasikia matatu.

Dawa yake ni imla, ile ile tuliyoandikishwa tukiwa wadogo. Pakua sauti fupi yenye maandishi yake. Vipindi vya «6 Minute English» vya BBC vinafaa, na pia makala za VOA Learning English, zilizotengenezwa kwa wanaojifunza na kusomwa kwa mwendo wa polepole kwa matamshi ya Kimarekani, ambayo ndiyo utakayoyasikia zaidi katika mtihani huu. Ukizipakua mara moja zinakaa katika simu na hazili bando tena. Chagua dakika moja tu, isikilize, andika ulichosikia, rudia, kisha linganisha na maandishi. Usihesabu makosa, tazama *kilichopotea*. Utaona ni viambishi vya mwisho kama «-ed» na «-s», na vijineno kama «of», «to» na «have». Halafu isikilize tena dakika hiyo hiyo huku ukifuata kwa kusoma kwa sauti, mpaka ulimi wako umeze pale wanapomeza wao.

Kwa tofauti za sauti, sisi tuliopita chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, tuna mtaji ambao tusiudharau. Aliyefunzwa tajwidi anajua kwamba kuivuta irabu au kutoivuta kunaweza kubadilisha maana, na anajua kuzitenga herufi kwa makhraj yake, yaani mahali zinapotokea mdomoni na kooni. Sikio hilo hilo ndilo linalotenganisha «ship» na «sheep», «full» na «fool». Tena «think» na «sink» hazitutatizi sisi tunaotamka «thelathini» na «sitini» bila ya kuchanganya.

Sehemu ya kwanza ina mazungumzo mafupi 30 ya watu wawili, na una sekunde kama 12 za kujibu kila swali. Yajue mambo mawili. La kwanza, jibu linalorudia maneno yale yale uliyoyasikia mara nyingi ni mtego. Mwanamme akiuliza kama umevipata vitabu maktaba, na mwanamke akajibu kwamba alipofika palikuwa pamekwishafungwa, jibu sahihi halitataja kufungwa wala maktaba. Litasema kwamba hana vitabu. La pili ni majibu ya maswali ya kukanusha. Kwetu mtu akiulizwa «Hukuliona tangazo?» anaweza kujibu «Naam, sikuliona», akawa anamkubalia muulizaji. Kwa Kiingereza asiyeliona hujibu «No», na aliyeliona hujibu «Yes», swali liwe la namna gani. Usipolizoea hili utachagua kinyume cha maana huku umesikia kila neno.

Na kuhusu saa: wakisema «eight o'clock», iache ibakie «eight». Ukianza kuigeuza iwe saa mbili asubuhi, sentensi inayofuata imekwishapita.

Katika mazungumzo marefu na mihadhara mifupi ya mwisho hairuhusiwi kuandika chochote pembeni, na sauti husikika mara moja tu. Kwa hiyo imla ni zoezi la kujenga sikio, lakini ukifanya karatasi kamili ya mazoezi, kalamu uiweke mbali na usirejeshe sauti nyuma hata kidogo.

Muulizaji, Wete

Ahsanteni sana, Maalim na dada yangu. Hilo la kuandika sababu ya kila kosa kwa Kiswahili sijapata kulisikia popote, na la «Naam, sikuliona» limenieleza maswali kadhaa niliyokuwa nimeyaacha bila ya jawabu. Bado sehemu ya ufahamu. Je, nihifadhi orodha za maneno kama nilivyoshauriwa? Na ni sahihi kwenda kwenye maswali kwanza kabla ya kusoma kifungu, kama wengine wanavyofundisha?

Msomaji, Tunguu

Ndugu yangu, orodha ya maneno uliyoihifadhi bila ya sentensi haikai, na hata ikikaa haitoshi, kwa sababu mtihani hukuuliza neno lina maana gani *katika mstari fulani*, na mara nyingi neno lenyewe ni la kawaida lililotumiwa kwa maana isiyo ya kawaida. Jifunze maneno kutokana na unachokisoma.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na maandishi ya Kiingereza kuhusu mambo unayoyajua kwa macho yako. Wewe uko Wete. Msitu wa Ngezi uko karibu nawe, na popo mkubwa wa Pemba, ambaye hapatikani kwengine kokote duniani, ameandikwa na wataalamu wengi. Soma kuhusu yeye, kuhusu kima punju wa Jozani, kuhusu magofu ya Ras Mkumbuu, kuhusu Mji Mkongwe ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Maandishi ya namna hiyo yana muundo ule ule wa vifungu vya mtihani: kiumbe au jambo linaelezwa, sababu zinatolewa, wataalamu wanahitilafiana. Kwa kuwa unalijua jambo lenyewe, akili yako yote itashughulika na lugha.

Ama muda, vifungu kwa kawaida ni vitano, kwa hiyo una dakika 11 kwa kila kimoja. Mimi siungi mkono kuanza na maswali. Soma kifungu chote mara moja, kwa dakika tatu au nne, bila ya kusita kwenye neno usilolijua, ukijiuliza mwishoni mwa kila aya: aya hii imeongeza nini? Maswali ya mambo mahsusi huwa yanafuata mpangilio wa kifungu, kwa hiyo jibu la swali la tano halitafutwi juu ya lilipopatikana la nne. Maswali yenye «EXCEPT» au «NOT» yanakutaka uthibitishe mambo matatu ili ulipate la nne. Yaache mpaka umalize mengine ya kifungu hicho.

Maalim wa Kiingereza, Mjini Unguja

Ninakubaliana na ndugu wa Tunguu kwa mengi, ila ninaongeza tahadhari moja ambayo kwangu ni kubwa. Usibakie muda wote kwenye mambo unayoyajua. Anayesoma kuhusu popo wa Pemba anaweza kujibu kwa elimu aliyokulia nayo badala ya kujibu kwa yaliyoandikwa, naye hatajigundua. Mtihani huu hauhitaji elimu ya nje ya kifungu, na vifungu vyake vingi vinahusu mambo yaliyo mbali nasi: mito ya barafu, wachoraji wa Marekani wa karne ya 19, namna miamba inavyoundika. Mwezi wa kwanza soma ya nyumbani, mwezi wa pili uhame. Ukisoma kuhusu barafu iliyochonga mabonde, na hujapata kuiona barafu ila ndani ya friji, hapo ndipo unapojifunza kuamini maandishi peke yake, na huo ndio ufahamu unaopimwa.

Tena uwe mkali katika maswali yanayouliza kile ambacho mwandishi «anadokeza». Jibu linalovutia kwa ukweli wake lakini halina mstari wa kulitegemeza ndani ya kifungu si jibu. Katika mazoezi, kila unapochagua, weka kidole kwenye mstari uliokufanya uchague. Usipouona mstari, umekisia.

Kuhusu karatasi nyingi za mazoezi, karatasi inakuonyesha ulipo, haikufundishi. Anayefanya moja kila siku na kutazama alama tu atabakia pale pale mpaka siku ya mtihani. Fanya moja kwa wiki, kisha siku mbili zinazofuata uzitumie kuichambua katika lile daftari, na siku zilizobaki soma na usikilize. Huna haja ya kuacha wanafunzi wako uje Unguja kwa ajili ya kazi hii. Ukimpata mwalimu mwenzako hapo Wete wa kukusomea imla na kubishana nawe juu ya majibu, inatosha.

Mhitimu, Chake Chake

Ninaongeza machache ya siku yenyewe. Jibu lisilo sahihi halipunguziwi alama, kwa hiyo usiache swali lolote bila ya kujaza duara. Katika dakika ya mwisho ya kila sehemu, yaliyobaki yote yajaze herufi moja. Sehemu ikimalizika huruhusiwi kuirudia, wala huruhusiwi kutangulia kwenye inayofuata. Ukiliruka swali, hakikisha umeliruka pia katika karatasi ya majibu, kwa sababu safu ikihama kwa duara moja, majibu yote yanayofuata yanaharibika.

Na kwa kuwa mtihani wote ni dakika 115 na kusikiliza ndiko kunakoanza, mwezi wa tatu fanya karatasi zako kwa kikao kimoja, kwa mpangilio huo huo. Tumia spika ya simu badala ya vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu pengine sauti itatoka kwenye spika iliyowekwa mbele ya ukumbi, na utakuwa umekaa nyuma.

Muulizaji, Wete

Nimeelewa. Karatasi niliyoifanya wiki iliyopita bado ninayo. Nitaanza kwa kuichambua hiyo kabla ya kugusa nyengine. Maalim, ukiniruhusu, nitayaleta hapa makosa ya sarufi nitakayoshindwa kuyapatia sababu.

Maalim wa Kiingereza, Mjini Unguja

Yalete, inshaAllah, lakini kila moja ulilete pamoja na sababu unayoidhania, hata kama huna yakini nayo.